Shetani Aliyeomba Uhamisho

Walimu wenzangu walioniandalia chai ya kuniaga walinipa blanketi, jogoo, na swali. Blanketi ninalo, jogoo tulimla. Swali aliliuliza kijana wa hisabati mbele ya watu wote: "Mwalimu Rono, kwa miaka yote hiyo, ni kitu gani kilikushtua zaidi?" Nadhani alitarajia nitaje simu za wanafunzi, au mitaala inayobadilika kila waziri akibadilika. Nilimwambia jibu ni refu, chai itapoa, nitaandika. Sasa niko nyumbani, ng'ombe wameshakamuliwa, na sina kisingizio tena.

Vyeo sitavitaja. Vilinijia kwa kuchelewa kama vinavyowajia watu wote.

Shule yangu ya kwanza nitaacha kuitaja jina, kwa sababu watu wa mambo haya wengi wako hai na bado wananisalimia sokoni. Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana na wasichana, si mbali sana na Kapkatet, imezungukwa na majani chai kila upande, na mfadhili wake lilikuwa kanisa. Juu yetu kulikuwa na mashamba ya wakulima wadogo, watu wetu wa hapa. Chini yetu kulikuwa na kiwanda cha chai, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wametoka upande wa ziwa, watu wa kabila na lugha nyingine. Watoto wa huku na wa kule walilala bweni moja na kuvizia ukoko wa ugali pamoja.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimelowa, sanduku langu la kadibodi likiwa limeanza kuachana na kamba yake. Mwalimu mkuu, Bwana Mosonik, aliangalia viatu vyangu kabla ya kuniangalia usoni.

"Unafundisha nini?"

"Kiswahili na Historia, bwana."

"Basi utachukua na klabu ya wanahabari. Mwenye alikuwa nayo amehama."

Hakuniuliza kama nataka. Nyinyi vijana mjue hivyo: siku ya kwanza hupewi tu kazi uliyosomea, unapewa na ile ambayo wengine wote wameikimbia.

Klabu ya wanahabari ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi, chenye mlango wa mbao nzito, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na harufu ya wino isiyotoka kwenye nguo. Aliyenifundisha kuitumia alikuwa karani wa shule, Bi. Taprandich. Wanafunzi walimwita Madam tu. Alikuwa mama wa makamo, hakuwa ameolewa, hakuwa na mtoto, na aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya wafanyakazi, karibu na msitu wa mikaratusi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Sabuni ilikuwa imeshindwa navyo zamani.

"Usipige taipureta kama unapiga nyoka," aliniambia. Karatasi ya stenseli, ile ya nta inayopitisha wino kwenye matundu ya herufi, ilikuwa laini, na ukipiga herufi "o" kwa nguvu kiini chake kilikatika kikaanguka, halafu gazeti lote likatoka na madoa meusi badala ya "o". Alinifundisha kuziba kosa kwa dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, kungoja ikauke, kisha kupiga herufi tena juu yake. Alinifundisha kupepeta karatasi kabla ya kuzitia, kwa sababu hewa yetu ya mvua inazigandisha. Chuo kilinipa cheti, lakini kazi ya mikono alinipa yeye, na kila somo lilikuja na kikombe cha chai ya maziwa mengi aliyoitoa kwenye thamosi yake ya maua.

Gazeti letu liliitwa Majani Mabichi. Lilitoka pale karatasi zilipopatikana. Ndani yake kulikuwa na matokeo ya mpira, mashairi ya mapenzi yaliyojifanya ni ya mazingira, na malalamiko kuhusu maharagwe. Halafu akaja Akinyi.

Akinyi alikuwa wa kidato cha tatu, binti wa mfanyakazi wa kiwandani. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kucheka vichekesho vyake mwenyewe. Aliandika kuhusu kengele ya shule, kuhusu kiranja aliyejipenda, kuhusu mbuzi wa mwalimu mkuu aliyehudhuria masomo kuliko wanafunzi. Bwana Mosonik alisoma hiyo ya mbuzi chumbani mwa walimu akacheka mpaka akajifuta macho. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba hatukuwa watu wasiojua kucheka.

Lakini miaka ile kulikuwa na hofu. Wenye umri wangu wanakumbuka. Kila mahali nchini watu walinong'ona habari za waabudu shetani: kwamba wamo mashuleni, kwamba wanasajili watoto, kwamba mtoto akikupa peremende usile. Kwetu ilianza kama mchezo. Pampu ya maji ilipoharibika, mtu akasema ni shetani. Msichana alipozimia kwenye paredi, ule mkusanyiko wa asubuhi, baada ya kukosa kifungua kinywa, wakasema ni shetani. Mtihani wa majaribio wa kemia ulipokuja na matokeo mabaya, wanafunzi wa kidato cha nne walifanya maombi ya kufunga. Mwalimu wa kemia aliomba wasome, lakini hakusikilizwa.

Ndipo Akinyi akaniletea makala yake. Aliiita "Mahojiano na Shetani". Naikumbuka vizuri, kwa sababu baadaye nililazimishwa kuisikia ikisomwa mara nyingi.

"Habari ya kazi, mzee?" mwandishi anauliza.

"Kazi imenizidi," Shetani anajibu. "Shule yenu itaniua. Ugali ukiungua, ni mimi. Pampu ikiharibika, ni mimi. Mtu amelala darasani muhula mzima, akifeli kemia ananitaja mimi, na hiyo kemia mimi sijawahi kuisoma."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeomba uhamisho. Nasikia kuna shule huko Sigowet ambapo watu wanakubali makosa yao wenyewe. Nikipelekwa huko nitapumzika kidogo."

Nilicheka. Bi. Taprandich alicheka alipokuwa akiipiga chapa, akarudia mstari wa kemia kwa sauti. Niliipitisha, na leo ningeipitisha tena, kwa sababu kila kilichosemwa mle kilikuwa kweli.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumapili, katika ibada, Mchungaji Kirui alipanda madhabahuni akiwa na nakala mkononi. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Nilimjua kama mtu mpole, aliyewahi kumbeba mtoto mgonjwa wa shule yetu mgongoni kwenye matope mpaka barabarani. Nilijua atakasirika, na nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba mtoto amefanya mzaha. Sikuwa nimejiandaa kwa alichosema.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna mtoto wetu hapa amekutana na Shetani. Wameongea. Ameandika maneno yote yenye aliambiwa. Shetani mwenyewe amekiri kwamba yuko katika shule hii."

Niligeuka kuangalia watu, nikingoja mmoja acheke. Hakuna aliyecheka. Mama aliyekaa mbele yangu aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake.

Kufikia Jumatatu asubuhi wazazi walikuwa langoni wakitaka watoto wao. Godoro la Akinyi lilikuwa limetupwa kwenye mvua nje ya bweni, na nguo zake zimenyunyiziwa chumvi ya kufukuza pepo. Wasichana waliolala naye tangu kidato cha kwanza, waliosukana naye nywele, walimpita wakiwa wameshika ukuta wa upande wa pili. Yeye alikaa kwenye ngazi za maktaba akiwa na daftari zake mapajani.

"Mwalimu," aliniuliza, "hawakusoma mpaka mwisho?"

"Wamesoma."

"Sasa mbona?"

Niliketi kando yake kwenye ngazi. Swali hilo nimelibeba maisha yangu yote ya ualimu.

Bodi iliketi ofisini kwa Bwana Mosonik. Niliitwa kama mlezi wa klabu. Baba yake Akinyi, Mzee Onyango, alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na buti za mpira miguuni na vumbi la chai kwenye nyusi. Mchungaji alimvutia Akinyi kiti, akamsemesha taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Mtoto wangu, usiogope. Tuambie tu. Mlikutana wapi?"

"Na nani, Mchungaji?"

"Na huyo mwenye ulihoji."

Akinyi alinitazama. Nikasimama. Nikaeleza kwamba haya ni mahojiano ya kubuni, kwamba tunafundisha tashtiti darasani, kwamba mwandishi humpa sauti mtu asiyekuwepo ili kuwaonyesha waliopo makosa yao. Nilieleza vizuri, nadhani. Mjumbe mmoja wa bodi alinikata kauli.

"Mwalimu, unataka kusema huyu mtoto alidanganya?"

"Alibuni, mzee."

"Kubuni na kudanganya iko na tofauti gani?"

"Hawa watu wa ziwa ndio wanatuletea hii mambo," akadakia mwingine, bila hata kupunguza sauti, na baba mtu amekaa pale. Mchungaji aliangalia meza. Hakumkemea. Mzee Onyango alikunja kofia yake akaikunjua.

"Mimi nafanya kazi ya kukausha majani," alisema. "Mtoto wangu akikosa, nitamrudi mimi mwenyewe. Lakini nionyesheni kosa."

Wakanong'ona, kisha Mchungaji akatoa uamuzi, na hapo ndipo niliposhtuka mpaka nikakaa chini. Kama Akinyi atasimama kwenye paredi, akiri kwamba alikutana na Shetani, akubali kuombewa, basi amesamehewa na ataendelea na masomo. Lakini akishikilia kwamba alijitungia, basi amemfanyia Mungu mzaha kwa kusudi, na shule ya kanisa haina nafasi yake.

Mnaelewa? Akisema kweli, anafukuzwa. Akisema uongo, anabaki.

Nje, kando ya tangi la maji, Mzee Onyango aliongea na binti yake kwa lugha yao. Kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie: "Sema ile wanataka. Umebakisha kidogo tu umalize shule. Sema, uende darasani."

Na akasema. Siku iliyofuata shule nzima ilikusanyika uwanjani, pamoja na wazazi na waumini waliokuja kwa miguu kutoka vijijini. Akinyi alisimama juu ya benchi na kusema kwa sauti yake ya chini kwamba ndiyo, alimwona, karibu na mikaratusi. Alikuwa mrefu na amevaa koti. Mtoto yule alikuwa mwandishi, hata uongo wa kulazimishwa aliutungia koti. Watu wakalia. Mchungaji akamwekea mikono kichwani, wakaimba, na akina mama waliozinyunyizia nguo zake chumvi wakaja kumkumbatia. Nilimwona baba yake akipumua. Nikafikiri yamekwisha.

"Nani alikupeleka kwake?" Mchungaji akauliza.

"Hakuna. Alikuja mwenyewe."

Hapo msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Chelangat akaanguka. Alikuwa mtoto wa shamba la jirani, mtulivu, mwimbaji wa kwaya. Alianguka kama gunia, akajipinda kwenye nyasi, akapiga kelele ambazo sijasikia nyingine kama hizo.

"Ni Madam! Ni yule wa ofisi! Namwona! Mikono yake ni nyeusi!"

Wengine wakaanza kuanguka. Mmoja baada ya mwingine, safu nzima ya wasichana, wakilia "Madam, Madam". Ukiwa mwalimu unadhani unawajua watoto, maana unajua nani hula chaki na nani hunakili kazi ya mwenzake. Siku ile niliwatazama nikaona sijui hata mmoja.

Bi. Taprandich alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi na thamosi yake. Alitazama nyuma yake kuona ni nani anayetajwa.

Nilikimbia. Nilimvuta mkono, nikamsukuma ndani ya chumba cha mashine, nikafunga mlango nikausimamia. Wa kwanza kufika hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wazazi, wanaume niliowafahamu, mmoja wao muuza maziwa wetu. Jiwe likapiga bati. Jingine likavunja dirisha, na nikasikia glasi ikimwagika ndani na Bi. Taprandich akisema polepole, "Woi. Woi. Woi."

"Toka hapo, Rono," muuza maziwa aliniambia. "Wewe ni mtu wetu. Toka."

"Huyu naye ni mtu wetu!" nilimjibu. "Ni dada ya nani huyu? Humjui? Si alikuandikia barua ya mtoto wako ya kujiunga na chuo?"

"Toka."

Sikutoka, lakini sitadanganya kwamba ningeweza kuzuia watu wale. Aliyewazuia ni Akinyi. Alipenya katikati yao, na walimwachia njia kwa sababu alikuwa ametoka kuombewa, alikuwa mtakatifu wao wa asubuhi ile. Akapanda kwenye kizingiti cha dirisha lililovunjika.

"Nilidanganya!" Kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. "Hakuna mtu nilimwona! Hakuna koti, hakuna chochote kwa miti! Niliambiwa niseme ndio nisifukuzwe! Madam hajafanya kitu. Mikono yake ni wino. Ni wino ya gazeti!"

Mikono iliyoinua mawe ikasita. Mchungaji alikuwa amefika mbio, amepoteza kiatu kimoja. Alitandaza mikono kati ya watu na mlango, na lazima niseme kwamba hakuondoka hapo mpaka wa mwisho alipoweka jiwe chini. Kisha akamgeukia Akinyi, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Umedanganya mbele za Mungu."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Basi chukua vitu vyako."

"Mchungaji," nilisema, "alipodanganya mlimwimbia. Sasa amesema kweli mnamfukuza?"

Alinitazama kama mtu aliyechoka sana. "Mwalimu, mimi nimeona watoto wakianguka chini kwa macho yangu. Wewe unaniambia ni mzaha. Mzaha gani unaangusha watoto?"

Nikamgeukia Bwana Mosonik, lakini yeye, aliyecheka habari ya mbuzi mpaka machozi, alikuwa akikagua kamba za viatu vyake.

Mzee Onyango alibeba sanduku la bati la binti yake begani. Niliwasindikiza mpaka langoni. Niliogopa atampiga njiani, maana alikuwa amekunja uso na alitembea haraka. Kwenye lango akasimama, akalitua sanduku.

"Mwalimu, mimi ndiye nilimwambia aseme uongo," alisema. "Uongo ameuweza nusu tu." Kisha akamshika binti yake shingoni, kwa nyuma, vile mtu hushika mtoto mdogo asianguke, wakateremka kuelekea kiwandani.

Matokeo ya mambo haya niyaseme upesi. Mashine ilifungiwa stoo. Mimi nilihamishiwa upande wa Mulot, kwenye ngano na ng'ombe, ambako hakukuwa na klabu yoyote ya kupewa. Bi. Taprandich hakurudi ofisini. Alikwenda kukaa kwa kaka yake, na nilipomtembelea alinipa chai, akaniuliza swali moja tu: "Rono, wale watoto wote niliandika majina yao wakija na niliandika wakitoka. Hakuna hata mmoja alinijua?" Alifariki akiwa huko. Akinyi alimaliza shule huko kwao, akaolewa, ana duka la vitambaa. Tunapigiana simu kila baada ya muda. Nilimuuliza siku moja kama bado anaandika. Alisema anaandika risiti.

Mtauliza mafunzo. Nina moja dogo: mwanafunzi akiandika jambo la kuchekesha, msimwachie alisimamie peke yake likitoka nje ya lango. Hilo ndilo ninalolijua. Mengine bado yananishangaza.

Kwa mfano hili. Muda mfupi kabla ya kustaafu, presha ilinisumbua nikaenda hospitali ya Kapkatet. Mhudumu wa afya aliyenipokea alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye sauti nzuri. Alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akasoma jina langu kwenye kadi, akaacha kupampu.

"Mwalimu Rono. Chamgei. Umenisahau? Mimi ni Chelangat."

Tukasalimiana kwa lugha yetu. Tukaulizana habari za nyumbani. Alikuwa na watoto wakubwa. Alinipima kwa uangalifu, akanisikiliza moyo, akaniuliza kuhusu chumvi na usingizi. Nami nikasema, kwa sababu sikutaka kufa bila kusema, "Chelangat, ile siku ya paredi. Mlikuwa watoto. Hakuna anayewalaumu."

Alinitazama kwa upole mkubwa, bila haya na bila hasira.

"Mwalimu, mimi sikudanganya," alisema. "Nilimwona Shetani kando ya Madam. Hata leo naweza kukuonyesha alikuwa amesimama wapi."

Kisha akainama, akaniandikia dawa. Zilikuwa dawa sahihi, na kipimo sahihi. Ninazimeza kila siku, na zinanisaidia.